Bei ya Kutakatisha

Studio yangu haina dirisha. Ina pazia la buluu,
taa mbili, stuli, na kioo cha kuchania nywele
kilichopasuka pembeni. Picha, elfu tano.
Kutakatishwa, ongeza mia tano.
Hilo sikuliandika ukutani. Arua nzima inalijua.

"Nitakatishe kidogo," wananiambia,
kana kwamba weusi wa mama zao ni tope
lililowarukia njiani wakitoka Ediofe.
Nami kwa kidole kimoja nausogeza mwanga
hadi pua inayeyuka, hadi shavu
linakuwa la mtu asiyewahi kupalilia muhogo.
Wanacheka. Wanalipa.

Ayikoru aliletwa ana miaka tisa,
yeye na dada yake Munduru, maji ya kunde.
Mama akampanga Munduru mbele, penye taa.
"Na huyu?"
"Huyu asimame nyuma ya kiti.
Utamng'arisha baadaye na mashine yako."
Hakusema kwa chuki. Alisema kama mtu anayesema
funika sufuria, inzi wasiingie.
Mtoto akasimama nyuma ya kiti.
Nikamng'arisha.

Msitafute mgeni wa kumlaumu.
Hakuna mzungu aliyewahi kupita pazia langu.
Ni shangazi zetu waliomwita Masizi
huku wakimmegea enya, kwa upendo, wakisema ni utani;
ni wajomba waliohesabu ng'ombe wa Munduru
hajamaliza hata darasa la saba,
na kwa huyu mwingine wakakohoa.
Ni mimi na kidole changu.
Akumulikaye mchana, usiku hukuchoma:
mimi nilimulika, nikatoa na risiti.

Alipopata fedha zake alinunua kopo la Ariwara,
lile lisilo na jina, liuzwalo chini ya vitenge.
Uso ukawa papai lililolaliwa.
Vifundo vya vidole vikakataa,
vikabaki vyeusi, mashahidi kumi.

Akaacha kwenda sokoni kabla ya magharibi.
Akakigeuza kioo kikatazama ukuta.
Usiku kucha alihesabu misumari ya bati,
kisha akaacha kuhesabu,
na hapo ndipo mama yake alipoogopa.
Wakasema karogwa. Wakasema ni mawazo, yatapita.
Yalipita, ndiyo, yalipita humo humo ndani yake
yakirudi, yakirudi,
mpaka nesi wa wodi ya akili akamuuliza
swali ambalo nyumbani hakuna aliyeliuliza:
"Ulianza lini kujichukia?"

Alikuja kwangu Jumanne, mchana, mvua inanyesha,
daftari la kliniki ndani ya mfuko wa plastiki.
"Nataka ile picha."
"Ipi?"
"Ya nyuma ya kiti. Kabla hujaigusa."

Nikafungua diski ya zamani. Umeme ukakatika.
Tukakaa gizani, namsikia anavyopumua.
Nilitaka kusema nisamehe.
Nikasema, "Umeme wa siku hizi."
Akasema, "Ndiyo."

Uliporudi, mtoto akajitokeza kwenye kioo cha mashine:
mkono mmoja umeshika kiti,
anacheka (hilo nilikuwa nimelisahau),
jino la mbele halijamalizika kuota.
Ayikoru akasogea karibu, karibu zaidi.
"Nilikuwa mweusi hivi tu?"
"Hivi tu."
"Hivi tu," akarudia, kama mtu
aliyedaiwa maisha yake yote
kisha akaonyeshwa hesabu.

Nikakataa elfu tano yake. Akaiacha juu ya stuli.
Picha akaibana kwenye daftari, katikati ya tarehe za dawa,
akatoka, mvua haijakatika.
Sijui kama analala siku hizi. Sikuthubutu kuuliza.

Aliyefuata alikuwa bwana harusi, koti la kuazima.
"Mzee, unitakatishe vizuri."
Kidole changu kiko juu ya mashine.
Bado hakijashuka.